Kinyonga wa Wizara ya Vipimo

Tsss-ta-ta-ta.

Hivyo ndivyo lilivyolia sweta la mwanangu gizani nilipokuwa nikimvua. Ilikuwa saa moja na nusu jioni. Shirika la umeme la nchi yetu lilikuwa limeshatugawia giza letu la siku, na giza hilo, tofauti na umeme wenyewe, halijawahi kuchelewa.

"Mama, sweta linatafuna karanga," alisema Hidaya, kichwa bado kimo ndani.

"Linatafuna masikio yako. Inua mikono."

Akainua. Likalia tena, ta-ta-ta, na cheche ndogo za buluu zikafukuzana begani mwake. Akacheka hadi akakaa chini. Nami nikacheka, nikalikunja sweta, nikalisahau. Akili yangu yote ilikuwa kwenye kesho, maana kesho yake mwanangu, miaka sita na miezi miwili, alikuwa anakwenda kupimwa ubongo na serikali.

*

Jamhuri ya Sawasawa haiko mbali. Ukiondoka kwenu asubuhi, utakuta umefika kabla hujafunga mlango. Ni nchi njema. Tuna wizara thelathini na moja, na ya thelathini na mbili inayotafuta kazi za hizo nyingine. Mimi binafsi sina malalamiko, na kama ningekuwa nayo, fomu zake zimekwisha.

Zamani, mtoto wa Sawasawa akitaka kuanza shule alipitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Akiligusa, anaingia darasa la kwanza. Asipoligusa, anarudi nyumbani kula ugali mpaka mkono urefuke. Hakuna aliyelalamika. Ila Waziri wa Vipimo na Makadirio, Mheshimiwa Kasirimo, alipokwenda ziara ya nje alirudi na makasha arobaini na fikra mpya.

"Ndugu wananchi!" alituambia uwanjani. "Zama za kushikana masikio zimekwisha! Mkono haujawahi kufikiri! Taifa linaloshika sikio lake lenyewe litaishika lini kesho yake?"

Hatukuelewa, ndiyo maana tulipiga makofi kwa nguvu.

Ndani ya makasha mlikuwa na Mtambo wa Taifa wa Kutambua Mng'ao wa Ubongo. Umbo lake ni boksi jeusi lenye mshikio, antena mbele, na taa mbili kichwani. Taa ya kijani ikiwaka, mtoto ana akili. Ya nyekundu ikiwaka, hana. Kwa sababu ya kugeuka rangi, wananchi walimwita Kinyonga, na kwa sababu ya heshima hatukumwita hivyo mbele yake.

*

Siku ya kupimwa tulifika kituoni mapema. Mbele yetu alikuwapo mtoto wa Mkurugenzi wa Mji, aliyeletwa na gari hadi mlangoni. Alikuwa na sweta la nailoni jipya na viatu vya raba vyenye soli nene kama maandazi ya sikukuu. Alipimwa akiwa usingizini, begani mwa dereva. Kijani. Hata dereva mwenyewe alipata kijani kidogo, lakini akaambiwa hiyo ni ya kuazima.

Zamu yetu ikaja. Mimi nimelelewa vizuri. Mtu haingii kwa wakubwa na viatu, kwa hiyo nilimvua Hidaya raba zake getini. Nikaliangalia sweta lake, lina kiraka cha njano kwenye kiwiko cha buluu, nikaona haya kwa niaba ya taifa. Nikalivua pia. Akaingia na kigauni chake cha pamba, miguu peku, amenyooka kama kalamu mpya. Sakafu ilikuwa majimaji, kwani kwa amri ya Wizara ilipigwa deki kila baada ya nusu saa ili vumbi lisimpalie Kinyonga.

"Shikamoo, afisa," nilisema.

"Marahaba." Huyo alikuwa Bwana Tondoo, Mpimaji Mkuu Msaidizi, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni na ya nne sikioni. "Mtoto asimame hapo. Asifikiri."

"Asifikiri, afisa?"

"Akifikiri ataharibu kipimo."

Hidaya akafumba macho asifikiri. Antena ikasogea mpaka utosini. Kinyonga akawa mwekundu kama jicho la mlevi.

Bwana Tondoo akajaza cheti, akagonga mhuri, akanipa. Nilikisoma nje, nimeegemea ukuta. Jina. Namba. Mng'ao: sifuri. Na chini kabisa sentensi moja fupi, imegongwa mhuri juu yake ili iume vizuri. Nilikikunja mara nne.

"Kimesemaje, mama?"

"Kimesema usubiri kidogo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuone."

Mtoto wa nyekundu haendi shule. Anapelekwa Kituo cha Kusubiri, huko milimani, ambako watoto hufundishwa kusubiri, na walimu wao nao bado wanasubiri kuajiriwa. Wanaokwenda huko hurudi wakiwa wakubwa na wapole sana. Lori lingekuja kuchukua watoto baada ya rufaa zote kusikilizwa, mwishoni mwa muhula.

Nilikiweka cheti chini ya kopo la majani ya chai. Usiku ule nilikunywa maji.

*

Sasa, mimi jioni nasoma. Niliolewa kabla sijamaliza shule, na baba Hidaya, ambaye huendesha lori la mizigo na huonekana nyumbani kama mwezi mwandamo, ndiye aliyeniambia, "Nenda kasome, mke wangu, nikirudi unieleze." Basi nikajiandikisha elimu ya watu wazima, kozi ya Redio na Vifaa Vidogo vya Umeme. Tunasomea darasa la watoto. Madawati ni mafupi, ukikaa magoti yanakutana na masikio.

Mwalimu wetu ni Fundi Dastani, mtu anayesalimia redio kabla ya mwenye redio. Wanafunzi waliobaki ni watatu. Mimi. Skola wa saluni, shoga yangu, aliyekuja kujifunza kutengeneza draya ya nywele na akanogewa. Na marehemu Mzee Kilamba.

Mzee Kilamba ni mzima kabisa, tena anapenda ndizi za kukaanga, lakini ofisi ya pensheni ilimwandikia cheti cha kifo miaka minne iliyopita. Na Sawasawa tuna Kanuni ya Kumi na Nne, inayosema kwamba mwenye cheti atakisoma mwenyewe, kwa sauti, mbele ya afisa, ndipo asikilizwe. Ilitungwa maafisa walipochoka kusoma. Kwa hiyo kila mwezi Mzee Kilamba husimama dirishani, huvaa miwani, husoma kwa sauti kwamba amefariki, na karani humjibu kwa huruma kwamba marehemu hawahudumiwi dirisha hili.

"Ila siku hizi nakisoma vizuri," hutuambia. "Mwanzo nilikuwa nakwama kwenye 'mazishi'."

Sisi wanne, masomo yakiisha, tulikuwa na mchezo wetu. Mtu yeyote mtaani akiuziwa kidude cha ajabu alituletea tukifungue. Tulikwisha fungua bangili ya kushusha presha, tukakuta sumaku ya mlango wa friji. Tulifungua boksi la kufukuza mbu kwa sauti isiyosikika, tukakuta mbu wamo ndani wamezaa. Skola alitupachika jina: Chama cha Kufungua.

Hidaya nilikuwa naenda naye. Alikaa chini ya dawati, kidevu gotini kwangu, akifuata ncha ya penseli yangu daftarini. Mimi nikiandika hunong'ona kila neno, ndivyo nilivyojifunza ukubwani, neno nisilolisikia siliamini. Naye hunong'ona nyuma yangu, kama mwangwi mdogo wenye kamasi.

*

Jioni moja mlango ukagongwa. Akaingia Bwana Tondoo, kalamu zake zimelala upande, na kikapu mkononi kimefunikwa mchicha.

"Humu kuna mboga tu," alisema kabla hajaulizwa.

"Mboga ina antena," alisema Skola.

Bwana Tondoo akafunga mlango, akakaa kwenye dawati, magoti yake yakapanda. "Ndugu zangu, nisaidieni. Kinyonga wangu amekwama kwenye kijani. Tangu juzi amefaulisha kila mtu. Jana amemfaulisha mlinzi. Wizara ikijua kituo changu kina akili kiasi hiki, nimekwisha. Mtengenezeni. Lakini sheria hairuhusu kumfungua."

"Afisa," alisema Fundi Dastani, "hilo ni sawa na kung'oa jino mgonjwa amefunga mdomo."

"Akifunguliwa, mng'ao unatoroka!"

"Basi hatutamwangalia sana."

Wakakubaliana kiungwana. Bwana Tondoo akageukia ukuta ili asishuhudie, Fundi akashika bisibisi. Skrubu nne. Kifuniko kikatoka. Sote vichwa vikakutana juu.

Ndani mlikuwa na betri moja ya mraba. Transista moja. Taa zile mbili, waya tatu. Na kokoto moja kubwa, imegandishwa kwa gundi katikati ya boksi.

"Hilo jiwe ni la nini?" niliuliza.

Fundi Dastani aliligonga na bisibisi, akasikiliza, akafikiri sana. "La uzito," alisema mwishowe. "Kitu cha serikali hakiwezi kuwa chepesi."

"Kuna nini humo?" Bwana Tondoo aliuliza ukuta.

"Afisa, usigeuke," alisema Mzee Kilamba. "Utajuta."

Nikaandika daftarini: betri, transista, taa, waya, kokoto. Chini ya dawati mwangwi ukauliza, "Kokoto inaandikwaje?" Nikamwonyesha haraka, ko na ko na to, nikaendelea na kazi ya watu wazima.

*

Fundi alikuta waya mmoja umegusana na mwingine, akautenganisha, Kinyonga akapona. Kazi yetu ingeishia hapo. Lakini mtu aliyezoea kufungua vitu hawezi kukifunga kabla hajajua kinafanyaje.

Tukampimisha Mzee Kilamba. Nyekundu.

"Angalau huyu na pensheni wanakubaliana," alisema.

Tukapima ndizi yake. Nyekundu. Tukapima kamusi. Nyekundu. Skola akachoka, akatoa kitana cha plastiki, akaanza kuchana nywele zake, na Kinyonga, aliyekuwa mezani hana habari, akawaka kijani. Skola akasimama kwa mshangao kutoka kwenye kiti cha plastiki cha mwalimu, gagulo lake la nailoni likakwaruza kwaa, na antena ikaelekea kwenye kile kiti kitupu. Kijani kikawaka kuliko vyote, kijani cha majani ya mpunga, mpaka kikatuangaza nyuso.

"Jamani," alisema Skola. "Kiti kina akili."

Hapo ndipo Hidaya, aliyekuwa ameona joto, alipoamua kuvua sweta. Tsss-ta-ta-ta. Kinyonga akawaka tena.

Fundi Dastani alikaa chini taratibu.

"Ni umeme tuli," alisema. "Ule wa kusugua. Mtu akivaa nailoni na raba, umeme unamganda mwilini, hauna pa kwenda. Hiki kidude kinaunusa. Lakini akisimama peku kwenye majimaji, unamtoka wote kupitia nyayo. Hata awe na akili ya namna gani, ni mwekundu."

"Kwa hiyo," nilisema, "ningemwacha na viatu."

"Ndiyo."

"Na sweta."

"Na sweta pia, mama Hidaya."

Nikaelewa kwa nini mtaa wetu wote, watu wenye heshima, watu wa kuvua viatu getini, tulikuwa tumetoka na nyekundu. Tulijivua akili kwa mikono yetu wenyewe, tukaipanga vizuri pale getini, soli juu.

"Basi hakuna taabu!" alisema Skola. "Kesho mvalishe sweta, mimi namchana nywele, anarudi kupimwa."

"Haiwezekani," ukuta ulijibu kwa sauti ya Bwana Tondoo. "Akili hupimwa mara moja tu. Ukiipima mara ya pili inakuwa imeshajua. Ipo rufaa peke yake. Na nafasi darasa la kwanza imebaki moja."

*

Nikaandika ripoti kwa Wizara. Kurasa nne, mwandiko wangu bora, nikaanza na "Kwa heshima na taadhima" na katikati nikairudia. Nilieleza nailoni, raba, maji na nyayo. Bwana Tondoo sikumtaja, kwa kuwa kisheria alikuwa ukuta. Na kwenye ukurasa wa tatu, kwa uaminifu wa mwanafunzi, nikaandika kwamba kiti cha plastiki kilipata kijani kuliko mtoto yeyote wa wilaya.

Sentensi hiyo ndiyo pekee iliyosomwa.

Baada ya siku tisa msafara uliingia shuleni na matarumbeta. Mheshimiwa Kasirimo akashuka. Kwanza alipanda mti, kwani Sawasawa hakuna shughuli ya serikali isiyoanza kwa kiongozi kupanda mti, tena peku, kuonyesha yuko pamoja na udongo. Mti wenyewe ni mmoja. Shughuli ikiisha hung'olewa na kurudishwa kwenye gari. Umeshapandwa mara mia na arobaini, na ukiutazama machoni unaona umechoka.

Kisha akakitazama kiti. Skola alikuwa ametoka kukikalia kumpisha mgeni. Kinyonga akawaka kijani.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Mheshimiwa. "Wako wanaojivuna kuwa na watu wenye akili! Sisi tuna samani! Kiti hiki hakikuzaliwa tajiri. Kimekaliwa! Kimevumilia! Leo serikali yenu inakipa nafasi!"

Wakakipa cheti cha kijani. Wakakipa na nafasi ya darasa la kwanza, ile moja iliyobaki.

Nisiseme uongo, kiti kilikuwa mwanafunzi mzuri. Hakikuchelewa, kwa sababu hakikuondoka. Hakikupiga kelele. Walimu walikipandisha juu ya dawati la mbele, na katika ripoti ya mwezi kikapata alama zote za nidhamu na maoni haya: "Mtulivu. Asaidiwe kidogo kwenye kuandika." Mwezi wa pili kikawa kiranja.

*

Siri haikai saluni. Kufika Ijumaa vitana vyote vya plastiki mjini vilikuwa vimekwisha. Wazazi walisugua watoto kwa mablanketi alfajiri, na foleni ya kituo ikawa inalia ta-ta-ta kama bisi sufuriani. Watoto walisalimiana kwa kidole na kuruka. Kila mtu akapata kijani.

Serikali haikulala. Ikatoa Amri ya Vitana, kupiga marufuku kuchana nywele ndani ya mita mia tatu za taasisi yoyote ya umma, na kutangaza Mwezi wa Kitaifa wa Nywele Timtim. Mheshimiwa Kasirimo, ambaye ni kipara, aliongoza kwa mfano.

Kwetu sisi wa nyekundu za mwanzo haikusaidia kitu. Rufaa ya Hidaya ilipangwa siku ya mwisho kabisa. Kesho yake ndiyo siku ya lori. Nilimfungia nguo zake kwenye mfuko bila kumwambia, nikamfungulia, nikamfungia tena.

"Tunasafiri?" aliniuliza.

"Napanga tu."

"Unapanga mara tatu."

*

Bodi ya Rufaa ilikaa uwanjani pa shule, chini ya turubai. Waziri katikati, wajumbe wawili pembeni, Bwana Tondoo na kalamu zake, na karani mwenye daftari kubwa. Kiti nacho kililetwa, kwa kuwa nafasi iliyokuwa ikigombewa ilikuwa yake. Hakuna aliyethubutu kukikalia.

Mti ulipandwa. Mheshimiwa akaketi na miguu yake yenye tope.

Fundi Dastani akasimama, amevaa koti la arusi yake. "Mheshimiwa, naomba kuonyesha kwamba mtambo huu hautambui ubongo. Unatambua umeme wa nguo na viatu. Ukiniruhusu, nitampima mtu yeyote mwenye akili isiyo na shaka, aliye peku kwenye tope."

Macho yote yakamwendea mtu wa pekee aliyelingana na maelezo hayo.

"Nipime!" alisema Mheshimiwa kwa furaha.

Kinyonga akasogea hadi kwenye kipara. Nyekundu.

Hata matarumbeta yalishikilia pumzi. Bwana Tondoo ndiye aliyeokoa jahazi, jasho linamtiririka. "Mheshimiwa, hongera! Akili yako imekizunguka kijani chote, ikatokea upande wa pili!"

Makofi yakapasuka. Mjumbe mmoja alifuta machozi.

"Kwa hiyo nyekundu ni nzuri?" aliuliza Fundi Dastani.

"Kwa waziri."

"Na kwa mtoto?"

"Kwa mtoto ni nyekundu."

Skola akanyanyua mkono ili aonyeshe jaribio la kitana. Askari akakichukua. Karani akaandika kwamba kielelezo kimekataliwa kwa kuwa ni marufuku, na kwamba aliyekileta ana nywele zilizochanwa kwa kutia shaka.

"Mkiua ushahidi wote mtabaki na mimi," alisema Mzee Kilamba, "na mimi nimeshakufa."

"Marehemu anyamaze," alisema karani.

Nikaona basi. Nikaanza kufikiria mfuko wa nguo, kama niliweka soksi.

"Tumalizie utaratibu," alisema Mheshimiwa akipiga miayo. "Kanuni ya Kumi na Nne. Wenye vyeti wasome. Aanze mwenye nafasi."

Karani akakifuata kiti, akaweka cheti cha kijani mbele yake, akarudi nyuma hatua mbili. Tukasubiri. Upepo ukapita chini ya miguu yake minne. Tukasubiri tena.

"Amesoma kimoyomoyo," alisema karani, akaandika.

"Vizuri sana," alisema Mheshimiwa. "Mwombaji."

Nikatoa cheti chetu kifuani. Kilikuwa kinanukia chai. Nikafungua kunjo la kwanza, nikavuta pumzi nisome haraka, kwa sauti ndogo, ili mwanangu asisikie mstari wa mwisho.

"Wewe mama," alisema karani, "jina lako ni Hidaya?"

"Ni la mwanangu."

"Kanuni haimjui mama. Mwenye cheti akisome mwenyewe."

"Ni mtoto, baba."

"Basi tutaandika ameshindwa, twende chakula."

Sikutaka akione. Miezi yote ile nilikuwa nimekificha chini ya kopo, nikilisukuma nyuma zaidi kila alipoingia jikoni. Lakini kidole kidogo kilikuwa kimeshashika ncha ya karatasi, kinaivuta polepole kama mtu anayemvua mwenzake mwiba.

"Nipe, mama. Nimekwisha subiri."

Nikamwachia.

Alikuwa amevaa sweta lake la kiraka na raba zake zote mbili. Alikifungua cheti kunjo kwa kunjo, akakinyoosha pajani, akakipulizia vumbi la majani ya chai. Jina lake aliliruka, hilo alilijua. Namba akaziruka. Akashusha kidole mpaka chini kabisa, pale penye mhuri, akainamisha kichwa, midomo ikaanza kucheza, akinong'ona silabi moja baada ya nyingine kama ninavyonong'ona mimi nikiandika. Mheshimiwa aliacha miayo katikati. Karani alishika kalamu. Hidaya akarudi mwanzo wa mstari, akaikaza shingo, akasoma kwa sauti:

"Mtoto huyu hataweza kusoma."